Ukimya Nilioukata

Hapa Rumonge, mtu akitaka sauti isafishwe analetwa kwangu. Sijisifu, hakuna mwingine. Nina diploma niliyoipata Tanzania, nilikokulia baada ya wazazi wangu kukimbia vita, na kompyuta niliyoinunua kwa jasho langu. Macho yangu hayaoni tangu utotoni. Programu ya kusoma skrini hunitajia kila kitu kwa Kifaransa cha haraka ambacho wageni hudhani ni ugomvi: menyu niliyofungua, kipande nilichochagua, mahali nilipokata. Sikio la kushoto ni la programu hiyo, la kulia ni la kazi. Wapo wenye macho mazuri wanaorekodi matangazo ya sokoni, na sauti zao zinatoka kama za watu waliotumbukia pipani.

Mzee mmoja wa Kizuka alikuja na simu. Ndani yake mlikuwa na sauti ya kaka yake, aliyelazwa hospitali Kigoma na asiyeweza kusafiri. Binti wa huyo kaka alikuwa anaposwa na watu wa Kabezi, na watu wa Kabezi walikuwa wameanza kusema kwamba binti hana baba, kwamba mgonjwa wa Kigoma ni hadithi tu.

"Mutoto amekataa mimi nimusemee," alisema mzee. "Anataka baba yake mwenyewe. Wasipomusikia, haolewi na mutu. Lakini hii sauti iko na makelele. Utaweza?"

"Mzee, unaongea na mwenye diploma."

"Diploma inasikia?"

"Inasikia kuliko Kizuka nzima."

Alicheka, akaniachia simu.

Kazi ilikuwa nyepesi. Niliondoa mngurumo wa feni ya hospitali, nikainua sauti ya mgonjwa bila kuipasua. Halafu nilikuta anasema maneno machache, ananyamaza. Anasema tena, ananyamaza. Nilidhani ni pumzi ya mgonjwa. Kuna amri inayofupisha ukimya wote kwa mara moja. Niliibonyeza, sauti ya Kifaransa ikanitangazia kwamba imemaliza, na maneno ya baba yakatiririka kama taarifa ya habari. Niliridhika nayo.

Siku ya posa nilipanda pikipiki hadi Kizuka. Ua ulinuka mawese mapya. Walinikalisha mezani karibu na spika, nami nikafanya jambo ambalo fundi asiyejua angelisahau: waya wa spika huchomekwa pale pale panapokaa waya wa masikioni, na kila kinachosemwa na kompyuta hutoka nje. Sikutaka Kifaransa kiingie katikati ya posa. Nikanyamazisha programu ya kusoma skrini. Kuanzia hapo nilikuwa na vidole na kumbukumbu tu.

Nikaiachia sauti.

"Amahoro, wakwe zangu," alisema baba, kwa salamu yetu ya amani.

"Amahoro!" waliitikia watu wa Kabezi wote kwa pamoja, na juu ya mwitikio wao baba alikuwa tayari anauliza habari za safari, na kabla hawajajibu anauliza habari za wazee waliobaki nyumbani. Watu wakaanza kunong'ona.

Msemaji wa Kabezi, mwenye sauti nzito, akasema, "Huyu baba anakimbia mvua?"

Wenzake wakacheka.

"Hiyo ni redio, mwenzangu," mwingine akadakia. "Redio haina binti."

Nikabonyeza herufi P, ile inayosimamisha sauti mahali ilipofika. Mzee wa Kizuka akaniinamia sikioni. "Fundi, umemufanya nini kaka yangu? Hapa mutu anasema, anangojea ajibiwe!"

Nilikulia katika kambi ya wakimbizi, na katika posa za kambini nilizozisikia, watu walizungumza wakiwa wote wapo. Sikuwahi kusikia mtu akiacha nafasi za majibu ya watu ambao hajaonana nao. Mgonjwa alikuwa amekaa kitandani Kigoma akiwangojea wakwe zake wajibu, mmoja baada ya mwingine, na mimi nikawafuta.

"Waambie baba anaanza upya," nilimjibu.

"Aanze," msemaji alisema. "Sisi hatujaondoka."

Kitufe cha nafasi kinarudisha sauti mwanzo. P inasimamisha na kuendeleza. Ni rahisi kuvichanganya, na hakuna aliyekuwa ananisomea. Nikabonyeza kile cha nafasi mara moja, nikarudi mwanzo, kidole kikahamia P na hakikutoka hapo tena.

"Amahoro, wakwe zangu." Nikasimamisha. Wakaitikia, mwitikio ukaisha wenyewe. Nikaachia. "Mmesafiri salama?" Nikasimamisha. Msemaji akajibu, akaongeza mzaha kuhusu mashimo ya barabara ya Gitaza, nikamwacha amalize. Nilipoachia, baba alisema, "Mungu ashukuriwe," na watu wakacheka kwa namna nyingine, kwa sababu ilikuwa kama ameusikia mzaha. Wachache wangeweza kazi hiyo.

Kisha nikakumbuka kulikuwa na ukimya mmoja mrefu kuliko mwingine wote, karibu na mwisho.

"Mwanangu," alisema baba, "hawa watu unawajua? Niwape jibu gani?"

Nikabonyeza P. Nilisikia viti vikilia, mtu akikohoa, kuku wakiparua nyuma ya nyumba. Mzee alinigusa bega niendelee. Sikuendelea.

"Ninawajua, baba," alisema binti hatimaye, kwa sauti ya chini. "Wakubalie."

Nikaachia.

"Haya," alisema baba. "Nimekusikia."

Hakuna aliyecheka. Msemaji wa Kabezi alivuta kiti chake mbele, nikasikia miguu yake ikikwaruza chini.

"Basi," alisema, "baba iko."