Mikono ya Teodora Bado Inalinda Dagaa

Saa kumi na mbili asubuhi ya kiangazi, Teodora Luhende anapanda mawe ya kilima kimoja cha Ilemela, kando ya ziwa. Fimbo ameishika kwa mikono miwili, nyuma ya mgongo. Wageni watatu na kiongozi wao wanamfuata na darubini zao. Fimbo yenyewe haimsaidii kupanda hata kidogo.

"Ni ya kuizuia mikono," anasema. "Nikiiacha huru inafukuza ndege."

Si utani. Kwa miaka kumi na tisa mama huyu, mwenye umri wa miaka 46, alianika dagaa katika mwalo, ufuko wa wavuvi ulio chini ya kilima hiki. Mwanika dagaa hana kukaa. Yangeyange akitua, unapiga makofi na kupaza sauti. Korongo akisogea, unarusha kokoto. Hivyo ndivyo alivyowajua ndege wa ziwa, mmoja mmoja, kama mtu anavyowajua wezi wa mtaani kwake.

"Nilijua nani anawahi na nani anajifanya amesinzia," anacheka. "Nimewatukana sana, masikini. Siku hizi nawapenda mpaka najishangaa."

Ni mwaka wa pili sasa anasaidia kuongoza watazama ndege, kwa ujira wa shilingi 15,000 kwa kila matembezi. Mwenye cheti cha kazi hiyo hulipwa mara tatu ya hizo, na huongoza kundi lake mwenyewe. Teodora anakitaka cheti hicho kwa roho yake yote.

Mwaka jana kilimponyoka. Mtahini wake, Revocatus, alikwisha kumsifu kwa kutaja ndege thelathini bila kufungua kitabu. Ghafla furukombe, tai mla samaki, akatua jiweni, hatua kumi tu mbele yao. Watu wote wakanyamaza kimya, darubini juu.

Teodora akapiga makofi. "Swaaa! Toka hapo!"

"Nilisikia ile sauti nikajiuliza, nani huyo mjinga?" anakumbuka. "Kumbe ni mimi."

Jumanne ijayo anarudia mtihani. Ndiyo maana kila akishuka kilimani hupitia mwaloni kujipima.

Leo anamkuta jirani yake wa miaka yote, Selina, ameanika dagaa wa jana. Teodora anasimama pembeni. Haupiti muda, yangeyange mweupe anatua karibu kabisa na miguu yake. Anaibana fimbo mgongoni, na mikono haitoki.

"Teodora, unamtazama tu? Mfukuze!" anafoka Selina.

"Siwezi, dada. Jumanne nina mtihani."

Kisha anaongeza kwa sauti ya chini, macho kwa ndege: "Nikifaulu, nitakuja kuwachukua na ninyi mnaoanika dagaa, tuongoze wote. Nani anawajua hawa kuliko sisi?"

Selina ameshainua mikono kupiga makofi. Anamtazama shoga yake, anaitazama ile fimbo, anaishusha mikono taratibu.

"Haya, mwache ale," anasema. "Lakini mwisho Jumanne."