Mikono ya Shangazi Ilinuka Petroli

Shangazi yangu hatulii. Akikaa, mguu unacheza. Akisimama, anafungua dirisha, ananusa, analifunga. Kazini wanamwita Pua. Anachukua sampuli za udongo na maji mahali palipovuja mafuta, na siku ya kazi hajipaki hata losheni. "Maabara ikikuta marashi yangu," husema, "itadhani kisima kinakwenda harusini."

Mwezi uliopita alipewa kazi ya kupima kiwanja cha kituo cha mafuta kilichofungwa, kwenye barabara ninayopita kwenda shule. Pampu zimeng'olewa, limebaki paa na sakafu ya zege yenye madoa meusi. Mwenye kiwanja anataka kujenga maduka. Nyuma ya ukuta anaishi dobi, mzee mwenye kisima kimoja, anayefua mashuka yote ya zahanati. Petroli ikionekana imefika kwenye maji yake, kisima kinafungwa. Dobi alilijua hilo, ndiyo maana kutwa alikuwa akichungulia juu ya ukuta.

"Bado tu, binti yangu?"

"Bado, baba. Ardhi haina haraka."

"Mimi ninayo!"

Jumamosi nilimpelekea shangazi chakula. Aliniweka nje ya utepe mwekundu. "Ukivuka hapo, mimi si shangazi yako."

Udongo walikuwa wameshauchukua jana yake. Siku hiyo ilikuwa zamu ya maji: kisima cha dobi, na visima viwili vyembamba vya kupimia walivyochimba kiwanjani. Huanza na kisima kinachodhaniwa kisafi, kisha kichafu, ili uchafu usisafiri nao. Kwa hiyo walianza kwa dobi, bomba likapitishwa juu ya ukuta. Mara jenereta inayoendesha pampu yao ikazimika. Dereva wao akaja na dumu la petroli.

"Pua, nishikie faneli."

Shangazi, ambaye mikono yake haijui kukaa bure, akaishika. Mikono mitupu! Kisha akavaa glovu, akaendelea kama kawaida.

Chupa zenyewe ni ndogo, hazizidi kidole gumba. Unajaza mpaka maji yavimbe mdomoni, unafunga, unaipindua, unaigonga. Kiputo kimoja tu cha hewa kikionekana, unaanza upya, maana petroli hukimbilia kwenye hewa. Ipo pia chupa ya ushahidi, inayojazwa papo hapo kwa maji safi yaliyotoka maabara. Hiyo ikikutwa na petroli, kosa ni la mchukuaji.

Chupa mbili zikaingia kwenye kasha la barafu. Ya tatu ikamganda mkononi.

"Inanuka," alisema.

"Nini kinanuka?" dobi akadakia. "Maji yangu?"

Shangazi alivua glovu, akanusa vidole. "Sijui, baba. Ama maji yako, ama mimi."

"Harufu yenyewe kiduchu," dereva akasema. "Nani atajua?"

"Mwenye kiwanja. Majibu yakija mabaya atasema petroli ilitoka vidoleni mwangu. Na mimi nitamjibu nini?"

Akampigia bosi. Sauti ya bosi niliisikia mpaka nilipokaa: gari la maabara linaondoka saa kumi, apeleke hivyo hivyo, aandike maelezo pembeni.

"Niandike nini, bosi? Kwamba nimefunga kisima cha mtu kwa kidole?"

Akakata simu. Ilikuwa saa saba na nusu.

Alizimwaga chupa zote kwenye pipa la taka. Akanawa mpaka kwenye viwiko, mara tatu. Akavua koti, akafungua mpira mpya wa pampu na pakiti mpya ya glovu. Jenereta alimwambia dereva aisogeze mbali, upande ambao upepo unakwenda. "Kaa nayo huko, mpendane!" Kisha kisima cha kwanza, cha pili, cha tatu, huku akitazama saa, akipindua, akigonga, akiguna. Kiputo. Upya. Chupa ya mwisho iliingia barafuni saa kumi kasoro dakika nne, honi ya gari la maabara ikilia getini.

Siku kumi zilizofuata hatukuwa na raha nyumbani. Alipanga viatu vyetu kwa ukubwa, baadaye kwa rangi. Simu ikilia alirukia, hata yangu.

Majibu yalikuja mchana, nimetoka shule. Aliyasoma akiwa wima. "Chupa ya ushahidi ni safi," alisema, na uso ukamsawijika. "Mikono yangu haikuwa na kitu." Petroli ilikuwa kwenye maji ya dobi.

Bosi alisema barua itapelekwa. Shangazi alikuwa ameshavaa viatu. Nikamfuata.

Dobi alikuwa anaanika. Alimsikiliza bila kuachia kibanio.

"Una hakika si vidole vyako?"

"Nina hakika, baba. Natamani vingekuwa vyangu."

Mzee akatazama kisima chake, akatazama kamba zake nne za mashuka meupe.

"Ripoti ikishasainiwa, mwenye kiwanja atalazimika kukuletea maji ya tangi," shangazi akaongeza. "Hana pa kuchomokea."

"Lini?"

"Sijui. Nitampigia kila siku mpaka akimbie sauti yangu."

"Na haya mashuka? Wagonjwa wanayasubiri leo."

"Yasiende, baba."

Dobi aliachia kibanio. Akaanza kuyaanua yakiwa bado yanadondosha maji, na shangazi akashika ncha ya pili.