Ruhusa ya Sleiman, Radhi ya Nura

Katika mtaa mzima wa Bwiza, Bujumbura, hakuna aliyeingoja ruhusa ya Sleiman kwa hamu kama Nura, na Nura mwenyewe hakuwa na safari yoyote. Sleiman alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe Bader, na nyumba zao zilitazamana geti kwa geti. Vita vilipokwisha kuzoeleka mjini, watu wakijua kwa sikio tu risasi za mbali na za karibu, Sleiman alisikia kwamba Kanada wana mpango wa wafanyabiashara: unaweka mtaji wako kwao, wanakuchunguza mpaka meno, halafu wanakupa wewe na wanao ukaazi. Akauza ghala lake la karibu na bandari, akapeleka pesa, akaketi kusubiri jibu.

Kila asubuhi alipofungua geti alimkuta Nura ameshatandaza vitenge vyake vya kuuza barazani.

"Shemeji, ile dosiye yenu ya Kanada imefika wapi?"

"Bado, Nura. Wanasema tungoje."

"Itakuja, inshallah. Mi minakuombea."

Na kweli alimwombea. Familia ilipofanya kisomo kuiombea dosiye hiyo, Nura ndiye aliyekaanga sambusa, na ndiye aliyeitikia amina kwa sauti kumshinda hata Miza, mke wa Sleiman. Wanawake wakatoka wakimsifu moyo wake. Moyo! Laiti wangeuchungulia, sambusa zingewakwama kooni.

Aliyeuchungulia ni Dorothée peke yake, Mkongo kutoka Uvira aliyeuza dagaa kando yake.

"We Nura, uko na roho ya namna gani? Ule mutu alimuacha bwana yako akufe kwa mulango yake, na we unamuombea?"

"Ndiyo maana minataka aende," Nura akajibu, akikunja kitenge taratibu. "Akibakia hapa hataniomba kitu. Akisafiri ataniomba."

Mwaka wa tisini na tano, siku vijana wenye silaha walipoingia Bwiza nyumba kwa nyumba, Nura alikuwa mtaa wa Buyenzi akimuuguza mama yake. Bader alikuwa anarudi kutoka dukani, wakamkimbiza. Geti lake mwenyewe lilikuwa na kufuli kwa nje, akaona atachelewa, akakimbilia la mdogo wake, akagonga. Halikufunguka. Wakamuua palepale chini ya geti. Sleiman alisema alikuwa chumba cha nyuma na watoto, hakusikia kitu. Majirani wa kushoto walisikia, wa kulia walisikia, ila aliyekuwa ndani ya geti ndiye hakusikia! Nura alikaa eda, akatoka, akaanza kumsalimia kama kawaida, na chuki yake akaifuga ndani ikanenepa.

Kwa Waislamu wa mtaa ule, mtu hahami hivihivi. Kama anayekwenda Hija, huzunguka nyumba kwa nyumba akiomba radhi, asije akafia mbali na haki ya mtu shingoni. Na anayeombwa hutoa. Hakuna aliyekumbuka mtu aliyewahi kukataa. Nura alitaka kuwa wa kwanza.

Basi kuna wakati Sleiman alichoka. Vipimo vya afya vya familia vilipitwa na muda kabla jibu halijatoka, wakatakiwa kupima upya, na barabara zilikuwa za hatari kwa vita, na watoto walikuwa wanakua huku wakingoja. Akasema basi, ataomba pesa zake zirudi, afie hapahapa Bujumbura. Nura aliposikia aliingiwa na baridi. Miaka yote ile ya kuchekacheka iende bure? Akajitanda ushungi, akavuka barabara.

"Apana, shemeji, usikate tamaa," alimwambia, na machozi yakamtoka, maana aliogopa kweli. "Fikiria watoto. Hapa bomu zinaanguka kila siku. Mupime tena."

Sleiman akajifuta macho. "Nura, we ni ndugu ya kweli."

Nura alirudi kwake akafunga mlango, akacheka mpaka akakohoa.

Ruhusa ilitoka msimu wa mvua wa mwaka 2002. Mtaa mzima ulipiga vigelegele, na kigelegele cha Nura kilikuwa kirefu kuliko vyote. Sleiman akaanza kuzunguka kuomba radhi, kwa wajomba, kwa majirani, hata kwa kinyozi. Nyumba ya mbele yake kabisa akaiacha ya mwisho. Nura aliliona hilo, akafurahi. Alifukiza udi, akapanga viti ili kila mtu aone vizuri.

Wakaja: Sleiman, Miza, binti yao mkubwa Aya, na shehe wa msikiti wao.

"Nura, mke wa ndugu yangu," Sleiman akaanza, "mi niko nasafiri. Kama nimekukosea, kwa ninalolijua na nisilolijua, nakuomba radhi."

"Kwa lipi?"

Shehe akakohoa. Haiulizwi hivyo. Radhi huombwa kwa jumla, na kwa jumla hutolewa.

"Kwa yote," Sleiman akasema.

"Apana. Sikuuliza yote. Taja."

Sleiman akamtazama Miza, akamtazama Aya, akainamisha kichwa. "Bader aligonga. Alisema, 'Sleiman, fungua, ni mimi.' Nilimusikia. Nilikuwa nyuma ya mulango, ufunguo mukononi. Niliogopa."

Miza akajifunika uso kwa ushungi. Aya akasogeza kiti chake mbali na baba yake, kidogo tu, lakini Nura alikiona kile kiti kikisogea, na raha ikampanda mpaka kooni.

"Sikuradhi," akasema. "Hapa wala akhera."

Shehe alisihi, Miza alilia, na Nura akainua sinia la kahawa ambayo hakuna aliyeigusa, akaipeleka jikoni.

Asubuhi ya safari alikuwa uani akifagia aliposikia geti lake likigongwa. Akaweka ufagio chini, akaenda, akashika komeo.

"Nura, fungua. Ni mimi."

Maneno yaleyale. Alimsikia akihema upande wa pili wa bati, karibu kabisa. Miaka yote alikuwa akijiuliza mtu anawezaje kusimama pale na asifungue, ana moyo wa jiwe au ana nini. Sasa aliona kwamba ni rahisi. Mtu hainui mkono, basi. Alikuwa na raha, na raha hiyo alikuwa ameitafuta kwa sala na kwa sambusa, akaionja yote.

"Neno moja tu, Nura. Nitaenda namna gani?"

Teksi ikapiga honi. Akagonga tena, polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha watoto. Kisha hatua zikaondoka, mlango wa gari ukafungwa, gari likakata kona.

Nura alibaki ameshika komeo, na hakuna mtu Bwiza aliyemwelewa Sleiman kama yeye alivyomwelewa asubuhi ile. Akatoka barazani, akatandaza vitenge vyake mbele ya nyumba tupu. Alipotawadha adhuhuri, mkono bado ulinuka chuma.