Vigelegele vyangu vimemfukuza mdiria

Jamani, leo nimefukuza ndege kwa mdomo wangu mwenyewe!

Mwanangu Neema, huyu huyu niliyemzaa mie, leo ndo mara yake ya kwanza kuongoza kikundi cha kuangalia ndege huku bondeni Goba. Watu wazima na darubini zao wanamfuata yeye!

Akaniambia, "Mama, njoo, ila kimya."

Tukakaa weee. Mara akanyoosha kidole: mdiria, yule ndege wa buluu anayevua samaki, katulia kwenye tawi.

Sasa mie ningefanyaje? Nikapiga vigelegele.

Ndege huyooo, kaenda.

Wote wakanigeukia. Nikajua nimemharibia mwanangu. Akaja, nikadhani ananirudisha nyumbani. Kumbe anakaa ubavuni kwangu, ananishika mkono.

"Mama, tunamngoja tena. Ukiona vigelegele vinakuja, nibane vidole."

Tukangoja. Mdiria akarudi kwenye tawi lake lilelile.

Nilimbana mtoto wa watu mpaka akauma meno, lakini sauti haikutoka. Yalitoka machozi tu.

Sasa nipo nyumbani, hapa hakuna ndege wa kumfukuza. Haya, mnaomjua Neema, nipigieni vile vigelegele nilivyovimeza!