Kampuni ya Makabati Sita

Mdogo wa mke wangu tulimwita Mhasibu kwa kumtania tu. Mtihani wa uhasibu ulishamwangusha mara mbili, na kazi yake ilikuwa kupokea wagonjwa pale zahanati. Jumamosi anakuja karakanani kwangu na daftari, anakaa juu ya mbao, ananisomea maswali. Alisema mimi nikielewa, hata jiwe limeelewa. Kwa shemeji, hayo ndiyo mapenzi.

Wiki hiyo nilikuwa na fomu ya benki mfukoni. Nataka milioni mbili, nijenge banda na ninunue mashine ya kuranda. Dhamana ni hati ya nyumba. Jumatatu natia saini.

Akanisomea swali. Kampuni fulani ya samani mwezi huu imepokea laki kumi na mbili. Tatu ni za kazi iliyokwisha, wenyewe wamechukua. Tisa ni kianzio: watu wamelipa nusu, makabati yao bado mbao. Mapato ni kiasi gani?

Nikamwambia kumi na mbili, hela ikiingia imeingia.

"Ni tatu, shemeji. Hizo tisa ni deni la makabati."

Akaendelea. Pesa na mbao zote za kampuni ni laki sita, na inadaiwa hizo tisa. Nikachomoa penseli sikioni: kwa kila tatu inazodaiwa, mkononi ina mbili. Nikacheka. Na bado inataka kukopa, akasema, riba elfu arobaini kwa mwezi, tena miezi mitatu ya kujenga banda mashine haijazunguka. Kitabuni riba hiyo inajumlishwa kwenye gharama ya banda. Nikamwambia aiandike anakotaka, benki itataka laki na ishirini yake tu.

"Sasa wewe ungeikopesha?"

"Mwenye kampuni hiyo ni mpumbavu. Atauza nyumba."

Hakucheka. Alifunga daftari, akaangalia mafungu sita ya mbao pale ukutani, kila fungu na jina la mteja kwa chaki. Kampuni ile ilikuwa yangu. Kumbe dada yake alishamwonyesha ile fomu.

Nilinuna mpaka jioni, maana mwanaume lazima anune kidogo. Lakini Jumatatu sikwenda benki. Nilishika kabati la kwanza, na wiki saba nzima sikupokea kianzio cha mtu mpaka la sita lilipotoka mlangoni. Wateja walipomalizia nusu zao, kwa mara ya kwanza nilijua zipi ni zangu.

Mtihani aliupita mara ya tatu. Vitabu vya zahanati sasa viko mikononi mwake. Siku ya matokeo nilimfuata kumshukuru, ulimi mzito kama boriti. Nikamwambia nyumba ninayolala ni yeye aliyeniokolea.

"Mimi nilisoma swali tu, shemeji," akasema. "Jibu lilikuwa lako."