Vidonge Ndani ya Kopo la Vifungo

Mimi ni fundi cherehani, na uongo wangu niliushona kwa mkono wangu mwenyewe. Nina kifafa tangu darasa la nne. Mume wangu anajua. Mama yake hakujua, maana siku aliponikuta nachukua kidonge kwenye kopo la vifungo aliniuliza ni dawa ya nini, nami nikamjibu bila kupepesa macho, "Za damu hizi, mama."

Nilipopata mimba, nesi wa kliniki alinipandishia dozi: asubuhi viwili, jioni viwili. Akanikazania nisiache hata siku moja, na nikishajifungua nirudi wiki ya pili waipunguze, la sivyo zitanizidi mwilini. Nikaitikia ndiyo, ndiyo.

Nikajifungua salama, mtoto wa kike, sauti yake si mchezo. Mama mkwe akahamia kwetu kunitunza. Wiki ya pili ikafika. Kwenda kliniki bila yeye haikuwezekana, na kwenda naye ningeumbuka. Nikaipiga chenga wiki hiyo, na iliyofuata pia.

Kichwa kikaanza kuzunguka. Nikawa naona sindano mbili, na uzi hauingii hata kwenye moja. "Damu imekuishia," mama mkwe akasema, "na mimi nipo hapa nakuangalia tu." Akaanza kuniletea zile "za damu" kutoka kwenye kopo la vifungo yeye mwenyewe, pamoja na uji, tena akaniongezea kimoja cha mchana. Nikameza mbele yake. Mpaka leo sijui nilikuwa na akili gani.

Siku ya tatu namwogesha mtoto, mikono ikanilegea, akateleza kwenye beseni. Mama mkwe alimdaka kabla maji hayajamfika puani. Akanitazama. Nikamweleza yote nikiwa nimekaa sakafuni, nimelowa, natamani ardhi ipasuke.

Mama mkwe akamfunika mtoto kanga. "Kwa hiyo sumu nilikuwa nakupa mimi," akasema. "Angekufa huyu mtoto, au wewe, ungeniacha nisijue, mwanangu?"

Alimbeba mtoto, akanishika mkono mpaka kliniki. Benchi lilijaa, na wawili kati ya waliokaa ni wateja wangu. Nesi akatoka na faili. "Wa kifafa nani?"

Nikainamisha uso. Mama mkwe akanyoosha mkono juu.

"Ni wetu huyu," akasema, "na aliyemzidishia dawa ni mimi."

Na hata hapo sikufungua mdomo.