Sufuria ya Delfina na Nahodha wa Anga

Mpwa wangu Eleuterio anasema ana kazi nyingi. Nikisikia hivyo nacheka mpaka meno ya bandia yanalegea. Asubuhi anaandika hadithi za watu wa sayari ya Mars wanaogombana kama majirani zetu wa hapa mtaani Boyle Heights. Mchana anakimbilia maktaba kuwasomea wastaafu waliofuata kiyoyozi. Jioni anafundisha vijana kuunda maroketi. Maroketi! Mtu anayeniita mimi nikambadilishie tairi! Mimi gari langu nimelishusha mpaka linaramba lami, mtaa mzima unageuka nikipita, na hujawahi kunisikia nikilalamika kazi.

Mkesha wa Krismasi, dada yangu Delfina, mama yake huyo msomi, alijaza jiko wanawake wa kupaka unga wa mahindi kwenye maganda ya mahindi na kufunga tamale, vifurushi vya unga na nyama vya kupikwa kwa mvuke. Wakwe wapya wa binti yake, kutoka Fresno, wangekula kwake kwa mara ya kwanza, na alikuwa ameapa hawatapata la kumsema. Eleuterio alijaribu kupaka, unga ukamganda mpaka kwenye nyusi.

"Mpe sufuria ailinde," nikamwambia Delfina. "Kazi hiyo hata kiti kinaiweza."

Ndani ya sufuria ya mvuke, kwenye maji ya chini kabisa, sisi huweka sarafu. Maji yakiwepo, inacheza, tika tika tika. Ikinyamaza, maji yamekauka, ongeza upesi. Basi.

"Utasikiliza, mwanangu?" Delfina akamuuliza.

"Mama, mimi mwandishi. Kusikiliza ndiyo kazi yangu."

Akakaa kando ya jiko, kompyuta mapajani. Mimi nikatoka kuwaonyesha wanaume gari. Niliporudi kuchukua bia, harufu ikanipokea mlangoni. Sufuria kimya. Bwana mwandishi kaziba masikio kwa spika zake za masikioni, anachapa tu.

"We Eleuterio!"

"Subiri, mjomba! Nahodha wangu kasikia injini imenyamaza, anaokoa chombo kizima cha anga!"

Nikamvua zile spika. "Nahodha wako ana masikio kukushinda wewe!"

Delfina akaja, akafunua sufuria. Tamale za chini makaa, za juu zinanuka moshi. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililotutisha.

"Nenda kanunue," akasema.

Wanawake wakashika vifua. Tamale za dukani, mkesha wa Krismasi, nyumbani kwa Delfina!

"Na wakwe wakiuliza, utasema wewe mwenyewe."

Nikampeleka mimi, maana gari lake liligoma kuwaka. Kwenye foleni ya dukani kila mtu alikuwa ameshusha kofia asitambulike. Yeye kichwa juu, anaandika kwenye simu.

"Nini tena?"

"Hii harufu ya shati langu, mjomba. Chombo kikiungua ndani, kitanuka hivi hivi."

Mezani, mama mkwe wa Fresno akalamba vidole. "Comadre Delfina, mkwe mwenzangu, hizi umezitia nini?"

Delfina akamtazama mwanawe. Eleuterio akasimama.

"Hizi za dukani, señora. Za Mama nimeziunguza mimi."

Mama mkwe akaacha kutafuna. "Ndiye yule mwandishi? Kwani anaandika nini?"

Delfina akainamia sahani. Ikabidi nijibu mimi.

"Anaandika habari za watu wenye masikio, señora. Kula, zinapoa."